Damu Isiyopata Pa Kutokea



Mwezi Desemba mwaka 2012, Hillary Clinton, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliugua tumbo, akaishiwa maji mwilini, akazirai, akaanguka na kujigonga kichwa. Tarehe 30 ya mwezi huo alipigwa picha ya MRI ya ufuatiliaji tu, na picha hiyo ikaonyesha donge la damu ndani ya mshipa ulio kati ya ubongo na fuvu, nyuma ya sikio la kulia. Alilazwa hospitalini New York, akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, na tarehe 2 Januari 2013 akaruhusiwa kurudi nyumbani. Madaktari wake walitangaza kwamba hakupata kiharusi na ubongo wake haukudhurika.

Namtaja yeye kwa sababu habari zake zilitolewa hadharani na waliomtibu, na kwa sababu ugonjwa wake ulikamatwa mapema kuliko inavyotokea kwa wagonjwa wengi. Nitakaowazungumzia jioni hii ni wale ambao hakuna aliyewaandikia picha ya ufuatiliaji: wanaokaa na kichwa kinachouma siku nne, siku saba, wiki mbili, wakizungushwa kutoka dawa ya malaria hadi dawa ya kipandauso, mpaka siku wanapoanguka.

Kwanza tuelewane kuhusu mishipa yenyewe. Tukitaja kiharusi, karibu kila mtu hufikiria ateri, yaani mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ateri ikiziba, sehemu ya ubongo inakosa damu na kufa ndani ya saa chache. Ikipasuka, damu inamwagika. Lakini damu iliyokwenda lazima irudi. Inarudi kwa vena, na vena za ubongo humwaga damu yake kwenye mifereji iliyomo ndani ya utando mgumu unaofunika ubongo. Mkubwa kuliko yote, mfereji wa juu, hupita katikati ya kichwa, chini ya mfupa tu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Hapo hugawanyika kulia na kushoto, kila tawi likazunguka nyuma ya sikio na kushuka shingoni. Mwingine, mfereji ulionyooka, hukusanya damu ya vena za ndani kabisa na kuileta kisogoni kwenye makutano hayo hayo, ambayo mpaka leo yana jina la Herophilos, tabibu wa Aleksandria aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Mifereji hii ina kazi ya pili, ambayo watu huisahau: humo ndimo maji yanayoogesha ubongo na uti wa mgongo hunyonywa na kurudishwa kwenye damu.

Aliyewahi kuishi Jangwani, Dar es Salaam, anajua kwamba wakati wa masika nyumba hufurika hata kama mvua imenyesha mbali, kwa sababu maji ya Msimbazi yamekosa njia ya kwenda baharini. Vivyo hivyo ndani ya fuvu. Donge likiziba mfereji, ateri inaendelea kuleta damu kwa kila pigo la moyo, na damu hiyo haina pa kutokea. Shinikizo linapanda kinyumenyume mpaka kwenye vena ndogo kabisa. Majimaji yanachuja kutoka ndani yake na ubongo unavimba. Maji ya ubongo nayo yanakosa kunyonywa, kwa hiyo kichwa kizima kinabanwa. Na vena zikielemewa, zinapasuka, damu inavuja ndani ya ubongo.

Damu hiyo iliyovuja ndiyo inayotupotosha. Mgonjwa anapigwa picha ya CT, damu inaonekana, anaandikiwa kwenye faili kwamba ana kiharusi cha kuvuja damu, na hapo uchunguzi unaishia. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba damu kwenye picha ni dalili, na dalili inadai kuulizwa chanzo chake. Ikiwa imetoka kwenye ateri iliyopasuka kwa shinikizo la damu, matibabu ni ya namna moja. Ikiwa imetoka kwenye vena iliyozibwa, matibabu yanakaribia kugeuka kinyume chake. Asiyeuliza anaweza kumnyima mgonjwa dawa pekee iliyokuwa imsaidie.

Ugonjwa huu wa damu kuganda kwenye vena za ubongo una historia ndefu ya kugunduliwa mgonjwa akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1825 daktari Mfaransa aitwaye Ribes alieleza habari za mwanamume wa miaka 45 aliyeteswa na kichwa, degedege na kuweweseka. Maiti ilipofunguliwa, mfereji wa juu ulikutwa umejaa donge. Miaka mitatu baadaye, huko Edinburgh, John Abercrombie aliandika juu ya mwanamke wa miaka 24 aliyejifungua salama, na wiki mbili baadaye akafa kwa degedege zisizokoma. Kila ninapomfundisha mwanafunzi mambo haya namwambia akumbuke huyo mama wa 1828, kwa sababu bado tunakutana naye wodini. Kwa zaidi ya miaka mia, elimu yetu yote ya ugonjwa huu ilitoka kwenye chumba cha maiti, na chumba cha maiti huonyesha waliozidiwa tu. Ndipo ikaaminika kwamba ni ugonjwa adimu mno na kwamba anayeupata haponi.

Mwaka 1927 Egas Moniz alipiga jijini Lisbon picha za kwanza za mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai kwa kuingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Baadaye ikaja MRI. Kadiri macho yalivyofunguka, ndivyo ugonjwa "ulivyoongezeka." Zamani ilikadiriwa kwamba unawapata watu watatu au wanne katika kila milioni kwa mwaka. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2012 ulipata zaidi ya 13 kwa milioni, na kwa wanawake wa miaka 31 hadi 50 karibu 28. Siamini kwamba damu za Waholanzi zilibadilika. Waliokuwa wakipita bila kuonekana walianza kuonekana.

Picha iliyo kamili zaidi ya wagonjwa wenyewe tuliipata mwaka 2004, pale José Ferro wa Lisbon na wenzake walipotoa matokeo ya wagonjwa 624 kutoka hospitali 89 katika nchi 21. Watatu kati ya wanne walikuwa wanawake. Umri wa katikati ulikuwa miaka 37. Karibu 89 katika kila mia waliumwa kichwa, na 39 katika mia walipata degedege. Idadi hiyo hiyo, 39 katika mia, walikuwa tayari na damu iliyovuja ndani ya ubongo walipopokelewa. Jambo lililowashangaza waliozoea vitabu vya zamani ni kwamba walio wengi walipona. Waliokufa walikuwa kama 8 katika mia. Ukijumlisha na waliobaki wakihitaji kusaidiwa maisha yao, unapata kama 13. Na nusu ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kupitisha siku saba au zaidi tangu dalili kuanza ndipo ugonjwa ukatajwa.

Siku saba! Nyingi kati ya hizo ni siku ambazo mgonjwa alikuwa anatembea, anaongea, anaweza kujieleza. Kwa hiyo tuyasikilize maelezo yake. Kichwa cha ugonjwa huu mara nyingi huanza taratibu na kuzidi siku hadi siku. Hakifanani na kile alichokizoea mhusika, na mtu mwenye kipandauso cha miaka mingi atakuambia mwenyewe kwamba hiki ni kingine. Huzidi akilala, akiinama, akikohoa, akijikamua chooni; humwamsha alfajiri. Panadol haigusi. Baadaye macho yanaingia giza kwa sekunde chache akisimama, au anaona vitu viwili viwili. Wachache hupata maumivu ya ghafla mno, yanayofika kileleni ndani ya dakika moja, kama ya mtu aliyepasuka ateri. Anapofika hatua ya degedege, mkono kufa ganzi au mguu kuburuta, tayari ubongo umeanza kuumia. Na zikiziba vena za ndani, mgonjwa huenda asipooze popote: analegea tu, anasinzia, anajibu hovyo, na jamaa wanaambiwa ana tatizo la akili.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji umeme wa gridi wala foleni. Ni kumwangalia mgonjwa ndani ya jicho kwa kile kifaa chenye taa cha kuchungulia nyuma ya mboni. Pale neva ya jicho inapoingilia, ukikuta pamevimba na kingo zake zimefifia, shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Kifaa hicho kipo katika hospitali nyingi, kimefungiwa kabatini. Nawaomba matabibu na madaktari vijana mliopo hapa mkitoe na kukizoea kwa kuangalia macho ya watu wazima wa afya, ili siku likija jicho lililovimba mlitambue. Jicho la kawaida, hata hivyo, halifuti shaka.

Sasa tumchukue mama wa miaka 26, uzazi wake wa pili, aliyejifungua kwa upasuaji siku tisa zilizopita. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Siku ya tatu kichwa kilianza kuuma. Muuguzi alimwambia ni ile sindano, anywe maji na alale chali, naye hakukosea kusema hivyo, kwa sababu kichwa cha sindano ya mgongo kipo na hutulia mtu akilala. Siku ya sita kichwa hakitulii tena akilala, kinazidi. Hapo palikuwa na kengele, na hakuna aliyeisikia. Siku ya tisa anapata degedege nyumbani. Kwa baadhi ya familia zetu hatua ya kwanza itakuwa kumwita shehe au mchungaji, na siwezi kuwalaumu watu kwa kutafuta msaada ulio jirani. Wakimleta hospitali, anaandikiwa kifafa cha mimba na kuanzishiwa magnesiamu.

Kuanzisha magnesiamu ni sahihi. Kifafa cha mimba huua, ni cha kawaida zaidi kuliko ugonjwa ninaousema, na kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Asitokee mtu akasema nimemfundisha kuchelewesha magnesiamu akisubiri picha. Ninachowaomba ni kwamba mkiisha kumtuliza mama, mrudi kwenye faili. Shinikizo lake la damu ni 118 kwa 74. Mkojo hauna protini. Degedege ilianzia mguu wa kulia, na mguu huo sasa hauna nguvu. Kichwa kilitangulia kwa siku sita. Hayo yakikaa pamoja, kifafa cha mimba hakitoshi kuyaeleza, na jina la vena litajwe siku hiyo hiyo.

Kwa nini mama aliyejifungua? Mwili wa mjamzito huongeza uwezo wa damu kuganda, na ni rehema, kwa sababu bila hivyo wengi wangemalizika kwa kutokwa damu. Rehema hiyo haiondoki siku ya kujifungua. Hudumu wiki kadhaa, na hatari ya donge kwenye vena huwa kubwa hasa katika wiki sita za mwanzo, karibu sawasawa na zile siku arobaini ambazo watu wa pwani humtunza mzazi ndani. Ongeza upungufu wa damu, ongeza kuishiwa maji, ongeza uambukizo wa kidonda, na damu inazidi kuelekea kuganda.

Wengine wanaopatwa nitawapitia haraka. Mtoto mwenye sikio linalotoa usaha, kisha akavimba nyuma ya sikio na kuanza kutapika: mfereji wa vena umepita hapo hapo, unene wa mfupa mwembamba tu kutoka kwenye usaha. Mgonjwa wa selimundu. Mwenye saratani. Anayeishi na VVU. Mwenye figo zinazopoteza protini. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Na wanaotumia vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni. Hapa nasimama kidogo, maana najua neno hili likitoka nje ya ukumbi litabadilika njiani. Hatari ya vidonge ipo, lakini kwa mwanamke mmoja mmoja ni ndogo sana, na ujauzito wenyewe una hatari hiyo hiyo ya damu kuganda. Asitupe mtu vidonge vyake usiku huu. Anayevitumia akipata kichwa kisichoisha, amwambie daktari kwamba anavitumia, hilo tu.

Tuje kwenye mashine. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina CT, na ni neema kubwa ambayo mimi nilipokuwa mwanafunzi haikuwepo. Lakini CT ya kawaida, isiyotumia dawa ya kontrasti, inaweza kutoka safi kabisa kwa mgonjwa ambaye mfereji wake umeziba. Jibu la "picha ni ya kawaida" limewarudisha nyumbani watu ambao hawakupaswa kurudi. Wakati mwingine donge huonekana: mfereji unang'aa kupita kiasi, kisogoni kama pembetatu nyeupe, au vena juu ya ubongo kama uzi mweupe. Hata hivyo weupe huo hutegemea wingi wa damu ya mgonjwa. Aliyeishiwa maji, ambaye damu yake imekuwa nzito, mishipa yake yote huonekana myeupe, na unaweza kudhani ana donge asilokuwa nalo. Mwenye upungufu mkubwa wa damu huwa kinyume: donge lake hung'aa kidogo, likapita bila kuonekana. Katika nchi ambazo wajawazito wengi wana upungufu wa damu, jambo hilo linatuhusu moja kwa moja.

Kama kuna damu iliyovuja, tazameni imekaa wapi. Damu ya shinikizo la juu hupenda kukaa ndani, kwenye viini vya ubongo. Ya vena huwa karibu na uso wa ubongo, haifuati mipaka ya ateri, mara nyingine ipo pande zote mbili za mstari wa kati, au kwenye sehemu ya ubongo iliyo jirani na sikio wakati mfereji wa nyuma ya sikio ndio ulioziba. Viini vya ndani vya pande zote mbili vikivimba kwa pamoja, fikirieni mfereji ulionyooka. Kuna pia damu ndogo iliyopinda, imekaa chini kidogo ya tabaka la juu la ubongo. Watafiti wa Uholanzi waliipa jina la korosho, na mtu yeyote wa Mtwara au Lindi akionyeshwa picha hiyo ataona walichokiona. Ukiikuta korosho hiyo, shaka ya mfereji wa juu kuziba iwe kubwa. Vilevile damu nyembamba inaweza kujipenyeza kwenye mikunjo ya ubongo utosini. Damu ya uvimbe wa ateri uliopasuka kwa kawaida hujaa chini, kwenye kitako cha ubongo. Tofauti hiyo ya juu na chini inaweza kuokoa mtu.

Picha inayojibu swali ni ya vena zenyewe. Kwa CT, mgonjwa anadungwa kontrasti mkononi, na mpiga picha anasubiri dawa ipite ateri na kufika kwenye vena ndipo anapiga. Akipiga mapema, atapata ateri nzuri na vena tupu, na hilo nalo limewahi kusomwa kuwa donge. Ikipigwa kwa wakati wake, kuta za mfereji hung'aa na katikati panabaki peusi, pembetatu yenye moyo mtupu: dawa imepita pembeni, donge limekaa kati. Mama anayenyonyesha hana haja ya kumwachisha mtoto kwa sababu ya dawa hiyo. MRI huona zaidi, hasa uvimbe wa ubongo na vena ndogo, lakini nayo ina mtego. Katika siku tano za mwanzo donge huweza kuonekana jeusi kwenye baadhi ya picha, sawasawa na damu inayotembea, na msomaji akapita. Ndiyo maana huombwa ile namna ya picha inayonasa chuma kilichomo kwenye damu. Hapo donge hutokeza jeusi na kubwa. Mtego wa pili tumezaliwa nao: kwa watu wengi mfereji wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kulia, na kwa wengine karibu haupo. Mfereji mwembamba wa kuzaliwa umewahi kumpa mtu mzima dawa za miezi sita asizozihitaji. Daktari bingwa wa radiolojia aangalie kama donge lenyewe linaonekana, asitosheke na mshipa usioonekana.

Kipimo cha damu kiitwacho D-dimer husaidia kikiwa juu. Kikiwa chini, hasa kwa mtu mwenye kichwa tu kwa wiki kadhaa, kisimfungie mlango.

Mashine hizi hujibu zilichoulizwa. Nimeona fomu nyingi za vipimo zenye maneno mawili tu: "kichwa, degedege." Fomu kama hiyo italeta CT ya kawaida, isomwe na mtu asiyejua kwamba mgonjwa ni mzazi. Andikeni hivi: mama, siku ya tisa baada ya kujifungua, kichwa kinazidi kwa siku sita, degedege, mguu wa kulia dhaifu, tunauliza kama vena za ubongo zimeziba. Mstari mmoja huo utamfanya mpiga picha aandae kontrasti tangu mwanzo. Utaipunguzia familia gharama ya kurudi mara ya pili, na ninyi mnajua kwamba familia nyingi hazina ya mara ya pili.

Sasa niingie kwenye lile jambo gumu la matibabu. Mgonjwa ana damu iliyovuja kwenye ubongo, na mimi nasema apewe dawa ya kuzuia damu kuganda. Mtu mwenye akili timamu lazima ashtuke, na madaktari walishtuka kwa miaka mingi. Mwaka 1942 daktari Mwingereza, Stansfield, alieleza juu ya heparini kwa mama aliyeganda damu ya ubongo baada ya kujifungua. Wengi waliendelea kuogopa. Mwaka 1991 Karl Einhäupl na wenzake wa Ujerumani walitoa jaribio dogo sana, la wagonjwa 20. Kumi walipewa heparini: wanane walipona kabisa, wawili wakabaki na kasoro ndogo. Kumi hawakupewa: mmoja alipona kabisa, sita wakabaki na ulemavu, watatu wakafa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Walipofungua pia kumbukumbu za nyuma za wagonjwa waliokuwa tayari na damu iliyovuja, walikuta kwamba kati ya 27 waliopewa heparini walikufa 4, na kati ya 13 ambao hawakupewa walikufa 9. Katika hesabu hiyo ya pili wagonjwa hawakugawanywa kwa kura ya bahati, kwa hiyo isibebeshwe zaidi ya uzito wake. Lakini mantiki yake iko wazi: damu inavuja kwa sababu njia ya kutokea imezibwa, na donge likiachwa likue, itavuja zaidi. Miongozo ya Ulaya na ya Marekani yote inakubali kwamba damu iliyovuja kwa sababu ya donge la vena haizuii heparini.

Baada ya siku za heparini hufuata vidonge, wafarini au dawa mpya zaidi kama dabigatrani, ambayo mwaka 2019 ilijaribiwa pamoja na wafarini kwa wagonjwa 120 na ikaonekana kuwa salama kwa kiasi kinachofanana. Aliyepata donge kwa sababu inayopita, kama uzazi, hutumia kwa miezi mitatu hadi sita. Asiye na sababu iliyoonekana, hadi mwaka. Mjamzito hapewi wafarini, bali sindano za heparini. Wachache ambao ubongo umevimba mpaka unasukuma upande wa pili hufunguliwa fuvu ili wapate nafasi, na baadhi yao huamka na kurudi kazini, kwa hiyo daktari asikate tamaa mapema.

Siwezi kumaliza bila kugusa mwaka 2021. Kenya ilipokea chanjo za UVIKO-19 za AstraZeneca mwezi Machi mwaka huo, Tanzania ikapokea za Johnson & Johnson mwezi Julai, na katikati ya miezi hiyo dunia ilikuwa imesikia kwamba chanjo zote mbili zimewagandisha watu wachache damu za ubongo. Habari ilikuwa ya kweli, na wataalamu wa Greifswald huko Ujerumani na wa Oslo huko Norwe walieleza mwezi Aprili jinsi inavyotokea: mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya chembe sahani, chembe hizo zinaamshwa, zinaganda na kupungua kwa wakati mmoja. Mgonjwa ana madonge na ana chembe sahani chache, akiumwa kichwa siku tano hadi thelathini baada ya chanjo. Ilikuwa nadra sana, na UVIKO-19 wenyewe uligandisha damu za watu wengi zaidi. Mimi nachukua kutoka mwaka ule jambo la kitabibu: hesabu ya chembe sahani ifanywe kabla ya heparini, kwa sababu kwa wagonjwa wale heparini iliepukwa na walitibiwa kwa dawa nyingine pamoja na imunoglobulini.

Nirudi kwa mama wetu, maana maswali yake akishapona ndiyo ninayoulizwa zaidi kliniki. Anauliza kama atanyonyesha akiwa kwenye dawa: atanyonyesha, heparini na wafarini hazimzuii. Anauliza atapanga uzazi kwa njia gani: asitumie tena vidonge vyenye estrojeni, lakini kitanzi kipo, na njia zisizo na homoni hiyo zipo. Mumewe, na mara nyingi mama mkwe, anauliza kama azae tena. Anaweza. Hatari ya kurudia ni ndogo, na hupunguzwa kwa sindano za heparini za kinga wakati wa ujauzito na kwa wiki sita baada ya kujifungua, daktari akishapima hali yake. Lakini lazima kadi yake ya kliniki iandikwe kwa maneno kamili kwamba aliwahi kugandwa na damu kwenye vena za ubongo, mwaka gani, na baada ya uzazi gani, ili mkunga atakayempokea mara nyingine, akisikia kichwa kinamuuma, aombe picha ya vena siku hiyo hiyo.